Diski Haikuwa Imejaa

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Kipasheni moto. Kitindamimba ana mtihani kesho, asishike simu.

Kompyuta msiiwashe. Najua utasema unajaribu mara moja tu. Usijaribu.

Asubuhi ilipokwama na kuanza kugonga tak-tak, ulisema mbele ya watoto kwamba imeelemewa na mavideo yangu, ukaanza kufuta. Diski haikuwa imejaa, bwana. Inakufa. Nimempigia fundi, kasema mlio ule ni wa diski iliyochoka, na kila ukiizima na kuiwasha unaimalizia. Wewe uliizima na kuiwasha mpaka ukachoka, kisha ukaizaba kofi ubavuni kama redio ya zamani.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika kidogo.

Folda uliyoanza nayo, kwa kuwa ndiyo kubwa, ilikuwa ya marehemu mama yangu, zile video anaimba huku anamwogesha kitindamimba. Hatuna nakala nyingine, na mama hayupo tena wa kuimba. Fundi anasema kilichofutwa huenda bado kimo humo, mradi diski isiguswe mpaka aione mwenyewe. Kwake ndiko ninakokwenda baada ya kazi.

Nguo zilizoanikwa ziingizeni mvua ikitishia.

Halafu, kwa vile nakujua: diski nimeichomoa, nimeizungushia soksi zako nzito, ninayo kwenye mkoba. Kama unasoma hapa na umeshaiwasha, sasa unajua kwa nini skrini ni nyeusi.

Mama watoto