Bitana ya Mdomo wa Mama

Alhamisi. Jua kali lisilo na joto, upepo mkavu, vumbi.

Nimefanya jambo leo, na bado sijui niliite nini.

Shule zimefungwa kwa likizo ya baridi, kwa hiyo kila siku nashinda dukani na Mama. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba ya zamani hapa Troyeville, Joburg. Dirishani kuna cherehani ya Mama, na upande wa ndani kuna viti viwili vya Mama Furaha, Mkongo anayesuka nywele. Mama ni fundi tangu Tanga. Kusoma na kuandika Kiswahili alinifundisha yeye, kwa chaki ya fundi, juu ya meza ya kukatia, ili nisiwe kama watoto wengine wa huku wanaoelewa lakini wanajibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana hapa naandika Kiswahili. Tena darasani kwetu hakuna anayekisoma, na leo hilo linanifaa.

Mama ana kisukari. Ni miaka sasa. Anameza vidonge vyake kwa saa, na siku za kliniki mimi ndiye mkalimani wake.

Wiki tatu zilizopita aliniita nimtungie uzi. Nilidhani ni macho. Siku zote Mama hulowesha ncha ya uzi kwa ulimi mara moja tu, na uzi unapita tunduni. Siku ile nilimwona akiulamba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ncha ikabaki imechanua kama ufagio.

Hakuwa na mate.

Nami nilicheka. Naandika hapa ili nisije nikajisahaulisha kwamba nilicheka.

"Ni baridi ya Joburg hii," alisema. "Hata wewe midomo imekupasuka." Ilikuwa kweli, basi nikaamini. Baridi ya huku inakausha kila mtu, na mgonjwa anaweza kujificha humo asionekane.

Kisha akaanza kunituma spaza, kiduka cha kona, nimletee pipi za mnanaa. Za kulainisha koo, alisema. Nilikwenda. Nikaenda tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Mimi niliyeandika insha juu ya kisukari, mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima, ndiye niliyekuwa namnunulia pipi mama mwenye kisukari, kwa sababu tu ziliitwa za koo.

Jumapili nilikuwa natafuta kifungo cha bluu. Ndani ya kopo la vifungo nikakuta maganda ya pipi, mengi, yamekunjwa madogo madogo kwa unadhifu, kama Mama anavyokunja kila kitu.

Nikalifunga kopo, nikalirudisha mahali pake.

Jumanne shavu lake la kushoto likavimba. Mama Furaha, ambaye hana siri na mtu, alisimama katikati ya msuko akamtazama.

"Mama Mwana, iyi shavu yako iko na nini? Umeficha beignet mule ndani?" Beignet kwao ni andazi.

"Gego tu, dada. Uzee."

"Uzee gani? Mimi nakupita miaka, na ningali natafuna mifupa."

Mama akacheka akiwa amefunga mdomo. Akabana karafuu kwenye lile gego, akaendelea kushona. Jioni nilikuta damu kwenye sinki la kunawia, imefifia, kama mtu aliyejaribu kuiosha kwa maji kidogo. Tangu hapo anakunywa uji tu, na akisema na mimi anageuza uso pembeni ili nisisikie harufu ya kinywa chake.

Najua kwa nini anaficha. Dada yake, Mama Mkubwa Rehema, aliumwa kisukari kule Tanga. Vidonge viliposhindwa wakamwanzishia sindano za insulini, na hakumaliza mwaka. Alikuwa na kidonda cha mguu alichokaa nacho miezi akikifunga vitambaa, lakini Mama hakitaji kidonda. Anasema sindano ndiyo iliyommaliza. Mama yangu anashika sindano tangu asubuhi mpaka magharibi, na ipo sindano moja anayoiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Tulifika mapema, mimi nimeshika kadi yake na karatasi zetu za ukaazi mkononi tangu barabarani, kwa sababu siku hizi huwezi kujua utakayemkuta langoni akiwafukuza wageni. Mama alikuwa amejitanda mtandio mpaka shavuni, kama mtu anayekinga baridi. Muuguzi aliyetupokea, sista kama wanavyoitwa huku, ni dada mdogo wa Kizulu, ana sauti ya taratibu. Akamtoboa Mama kidole, akaangalia kimashine chake, akatoboa kidole kingine, akaangalia tena.

Akaniambia nimwulize Mama kama ana vidonda mdomoni, kama fizi zinatoka damu, kama mdomo unakauka.

Nikamwuliza.

"Mwambie hakuna," Mama akasema, na akanitazama kwa jicho ambalo kila mtoto analijua.

Mkalimani husema alichoambiwa. Sijawahi kuongeza neno wala kupunguza, hata siku ile Mama alipomwita daktari mmoja kichwa maji na mimi nikatafuta Kiingereza chake. Leo nilisema: Mama anasema hakuna. Halafu nikasikia sauti yangu inaendelea yenyewe. Nikasema fizi zinatoka damu. Shavu limevimba tangu Jumanne. Mdomo umekauka wiki tatu. Anamumunya pipi kutwa, na pipi nimenunua mimi.

Mama hajui Kiingereza kingi. Lakini neno la pipi analijua.

Akashusha mtandio mwenyewe, taratibu. Hakuniangalia. Sista akachukua tochi, akamwomba afungue mdomo. Ulimi wake ulikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukiusugua unatoka, na chini yake pekundu. Ufizi wa kushoto ulikuwa umejaa, na sista alipougusa usaha ukatoka.

Sista akaniambia nisiruke neno. Alisema mate si maji tu, ndiyo ulinzi wa mdomo. Yanasafisha, na yana vitu vya kuua vijidudu. Sukari ikiwa juu mwili hukojoa maji mengi, mate hupungua, na hata hayo machache huwa na sukari ndani yake. Fangasi na bakteria wanapata chakula, na wa kuwazuia hayupo. Zile chembe nyeupe za damu zinazopigana nao hulegea. Vidonda vinachelewa kufunga. Kisha maambukizi yenyewe yanapandisha sukari zaidi, na sukari inazidisha maambukizi.

Nilitafsiri mpaka nikafika kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, inayokauka na kuchubuka vijidudu vikapata pa kuingilia. Neno likanipotea. Ngozi? Utando? Utando ndio ule mweupe, angechanganyikiwa. Mama alikuwa anatazama ukuta. Nikakumbuka kitambaa cha ndani ya koti.

"Bitana," nikasema. "Mama, bitana ya mdomo imechakaa."

Hapo akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu ashushe mtandio.

"Kwa hiyo koti linaliwa kutoka ndani," akasema.

Nilimtafsiria sista. Akatabasamu kidogo, akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Daktari alimwona kwa dakika chache. Ametoa dawa ya matone kwa ajili ya fangasi na vidonge vya maambukizi. Jumatatu Mama anatakiwa kwa daktari wa meno, na akitoka huko arudi kliniki wazungumze juu ya insulini. Uvimbe ukizidi au akipata homa kabla ya hapo, tusisubiri, twende hospitali. Nilitafsiri vyote. Neno la insulini nililitamka polepole, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa mezani.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot, taa za barabarani, tukasimama, ikiwa nyekundu.

"Nilidhani nimezaa mkalimani," akasema. "Kumbe nimezaa askari kanzu."

Ikawa kijani. Tukavuka.

Dukani akamwambia Mama Furaha, mbele yangu, kwamba Jumatatu mkalimani wake atakuwa yeye, kwa sababu hasemi asiloambiwa. Mama Furaha akashika kiuno.

"Mie Kiingereza yangu ni ya nywele tu. Nitamuuliza docteur nini? Shoti, midiamu, ao longi?"

Mama hakucheka. Mchana kutwa cherehani ndiyo iliyosema peke yake, nami nikafumua pindo za sketi za shule bila kuinua kichwa. Nilikuwa na hoja zangu zote kichwani, nzuri, zimepangwa kama insha. Nilijua nilichosema kliniki ni kweli. Lakini kweli ile ilikuwa ya Mama, mdomo ni wake, na mimi niliitoa kwa mgeni kwa lugha ambayo Mama haielewi. Mambo hayo mawili hayajapatana bado ndani yangu. Je, yatapatana?

Baada ya swala ya magharibi Mama alinikuta nakosha vyombo. Alikuwa na simu mkononi, tochi imewashwa. Akaketi kwenye kiti cha jikoni, chini ya taa.

"Njoo uangalie," akasema. "Umewaambia watu wote kilichomo mdomoni mwangu, mimi mwenyewe sijakiona. Sema unachokiona. Na usitafsiri."

Akafungua mdomo.

Nikamwambia. Ulimi, mpaka wapi utando umefika. Jino linalocheza. Ufizi. Hata harufu nilimwambia, nikilia kidogo, naye hakuufunga mdomo mpaka nilipomaliza.

Akazima tochi.

"Rehema naye alikuwa halali bila kikombe cha maji," akasema. "Alikuwa akisema ulimi wake umekuwa kama gunia. Hiyo ilikuwa kabla ya sindano." Akaiweka simu mezani. "Kabla, Mwana. Mwezi mzima kabla."

Nilihisi nikigusa lile neno litavunjika.

Akachukua dawa ya matone, akaweka ulimini, akaizungusha mdomoni kama alivyoelekezwa, akameza kwa taabu. Akanipa kopo la vifungo nikamwage yale maganda ya pipi. Kisha akasema foleni ya meno huwa ndefu, Jumatatu twende mapema.

Twende. Hakumtaja Mama Furaha.

Nimetega kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu. Leo ni Alhamisi tu.