Siku Basi Lilipopotea na Mama Ndani

Chumba cha mbele,
Nyuma ya karakana ya mabasi.

Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa kaka,

Salamu kwanza, habari baadaye. Hujambo? Wifi na wanangu hawajambo? Kile kikohozi chako kimekuacha, au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Huku sisi tu wazima. Mimi kiuno kinaniuma kidogo kwa kukaa kwenye cherehani, lakini nikisimama dakika tatu kinaacha, kwa hiyo sikihesabu kuwa ugonjwa. Mama anakula vizuri na anabishana vizuri.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nitaijibu yote, hata lile swali. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja, na masikio ya mama unayajua. Ila niache kwanza nikuzungushe mjini, maana hata jibu lenyewe lilinikuta barabarani.

Kaka, mji huu hauishi kunishangaza. Ile njia panda tuliyokuwa tukivuka kwenda shule sasa ina barabara ya juu. Barabara juu ya barabara! Kabla haijafunguliwa nilisimama chini yake muda mrefu, nikiliangalia tumbo lake na kujiuliza waliipandishaje ile mihimili bila kuangusha hata mmoja. Mlinzi akanifukuza, akidhani nimekuja kuiba nondo. Nikamwambia mimi ni fundi wa viti vya mabasi, nondo nitazishona na nini?

Kinachonichekesha zaidi ni majina ya vituo. Yule kinyozi wa karibu na kwa mama mkubwa alihama zamani, banda lake likabomolewa, na pale pana ghorofa tisa za vioo. Lakini kituo bado kinaitwa Kwa Kinyozi. Nilimuuliza msichana mmoja anayefanya kazi mle ghorofani kama anajua kwa nini. Akaniambia alifikiri Kinyozi ndiye mwenye jengo.

Mvua nayo imebadilika tabia. Zamani ilitanguliza upepo, tukapata muda wa kuanua nguo. Sasa inamwagika tu ghafla, kisha jua la wiki mbili linafuata bila hata wingu. Na maji hayajui pa kwenda. Lile bonde la nyuma ya soko limejazwa kifusi na kujengwa, ila maji hayajapewa habari. Siku moja niliyafuata na mwavuli wangu. Yaliupita mtaro mpya kana kwamba haupo, yakashika njia yao ya zamani hadi kwenye ukuta wa ghorofa, yakasimama kidogo, ndipo yakauambaa ukuta taratibu hadi ng'ambo. Nilirudi nimelowa hadi magotini, na nilifurahi.

Sasa mabasi. Mwishoni mwa mwezi wa tisa kampuni iliondoa yale ya zamani kwenye njia zote na kuleta mapya. Marefu, milango mipana, hayana kelele, na viti vyake ni vya plastiki tupu. Tulipoviona viti vile karakanani tuliangaliana, maana havikuwa na pa kupitisha sindano.

Sijui kama nimewahi kukueleza utaratibu wetu. Kila fundi ana njia yake. Mimi nashona viti vya mabasi yanayokwenda upande wa mama mkubwa, wenzangu wana njia nyingine. Na kila mmoja anamalizia mshono kwa namna yake, ili kiti kikifumuka msimamizi ajue wa kumgombeza ni nani. Wa kwangu unaishia kwa mafundo matatu, chini ya ukingo wa mbele, upande wa kushoto. Abiria hawayaoni. Nilidhani hakuna anayeyajua ila mimi na msimamizi.

Unajua kwamba kila Alhamisi mama huenda kumsuka nywele mama mkubwa, ambaye tangu avunjike nyonga hatoki kitandani. Anamsuka, wanagombana juu ya mambo yaliyotokea kabla hatujazaliwa, wanakula, wanagombana tena, kisha mama anarudi nyumbani uso umenawiri.

Alhamisi ya kwanza baada ya mabasi mapya kuja, saa tano asubuhi, mvua inanyesha, simu ikalia karakanani. Alikuwa mkata tiketi wa kituo cha mwisho, upande mwingine kabisa wa mji. Akasema, "Dada, tuko na mama yako hapa. Tunamwambia amepotea, hataki. Anasema yeye yuko sawasawa, ni basi ndilo limepotea."

Niliacha sindano ndani ya kitambaa nikatoka mbio. Nilimkuta kwenye benchi la ofisi ya tiketi, mkavu, anakunywa chai kwa kikombe cha yule mkata tiketi, na ameshajua mwenye kikombe ana watoto wangapi na nani kati yao hapendi hesabu. Nikaanza kufoka. Ilikuwaje apande basi lile, na jina la njia limeandikwa mbele kwa herufi kubwa kama mlango? Mama akaweka kikombe chini. Kisha akasema taratibu, "Sikuyapata mafundo yako."

Kaka, kwa zaidi ya mwaka mmoja mama hakuwa anayaona maandishi ya basi, wala basi lenyewe, wala uso wangu. Alikuwa anapanda, anakaa, anapeleka mkono wa kushoto chini ya kiti. Akiyakuta mafundo matatu anatulia, anaanza kuhesabu vituo. Akikuta mshono wa fundi mwingine, anashuka kituo kinachofuata na kusubiri basi jingine. Siku ile hakukuta mshono wowote. Akadhani kiti kimefumuka na mimi nimechelewa kukishona. Yaani alinisingizia uvivu, na huku amekaa ametulia akapandishwa barabara ya juu, isiyo na kituo cha kuhesabu, hadi mwisho wa mji.

Nililia palepale mbele ya mkata tiketi, wala sioni haya kukuambia. Nilijua macho yake ni dhaifu. Sikujua yameondoka. Tunalala chumba kimoja, ananimiminia chai bila kumwaga, ananiambia gauni langu limekunjamana, kumbe ameligusa ninapompita. Alinificha ili nisimkataze Alhamisi yake.

Basi hilo ndilo jibu. Umeniuliza mara tatu kama mama anaona, nami mara mbili nilikuandikia habari za mvua kwa sababu nilikuwa sitaki kulitazama jambo lenyewe. Mama haoni. Daktari amesema jicho moja limekufa, na la pili linatofautisha mwanga na kivuli tu. Amempa dawa ya matone ili hicho kilichobaki kisipotee.

Nakumbuka ulivyoandika, kwamba ikiwa hivyo utakuja kumchukua akae kwako, kwenye jengo lenye lifti na mtu wa kumwangalia. Najua umesema kwa mapenzi, na chumba ulichomwandalia naamini ni kizuri kuliko hiki. Mimi mwenyewe baada ya siku ile nilianza kufikiri afadhali aende. Zaidi ya mwezi sikumruhusu atoke. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, hakubishana na mtu. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza. Hilo lilinitisha kuliko macho yake.

Kisha jua likanisaidia. Viti vya plastiki vilichemka kama sufuria. Ungeona, basi limejaa watu waliosimama na viti vitupu, kila anayejaribu kukaa anaruka. Malalamiko yalipozidi, kampuni ikayaleta mabasi karakanani tuvivishe viti vitambaa. Msimamizi alipogawa kazi niliomba njia yangu ileile. Nimeshona viti arobaini na kimoja kila basi, nikianza na vile vya mbele ambavyo mama hupenda, na vyote nimevifunga mafundo matatu.

Alhamisi iliyopita nilimwacha aende. Sikumwambia, lakini nilipanda nyuma yake na kukaa safu ya tatu. Alikaa, akapeleka mkono chini, na nikamwona bega lake likilegea. Akashuka Kwa Kinyozi bila kuuliza mtu. Pale njia imezibwa na lile jengo la vioo, na nilikuwa tayari kumkimbilia. Mama alikwenda hadi ukutani, akasimama kidogo, akaugusa kwa ncha ya mwavuli, ndipo akauambaa taratibu hadi ng'ambo. Mlangoni kwa mama mkubwa, bila kugeuka, akasema, "Umechoka kunifuata? Haya, ingia umsalimie mama yako mkubwa."

Kwa hiyo njoo, kaka. Ila usije na tiketi yake mkononi. Fika kabla ya Alhamisi, upande naye, ukae naye kiti kimoja, umwone. Ukishamwona ndipo useme anakwenda au anabaki. Utakalosema baada ya hapo sitakubishia, ingawa unajua nitakavyoumia.

Msalimie sana wifi, na uwaambie wanangu kwamba shangazi yao anawaota. Mama mkubwa anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma. Mkata tiketi naye anakusalimu, siku hizi ni mtu wa nyumbani. Mungu awafunike huko mliko na akufikishe salama.

Nilitaka kufunga hapa, lakini mama amesikia kalamu haitulii, ameniuliza ninakuandikia nini kirefu hivi. Nimemwambia ukweli, kwamba nimekueleza. Ameipapasa karatasi kwa vidole. Kisha amesema nikuandikie kwamba miaka kumi na moja tangu uondoke ni mingi na barabara zote zimegeuka, kwa hiyo ukishuka usithubutu kutoka kituoni peke yako. Yeye atakuwepo. Umshike mkono vizuri, usije ukapotea.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Sindano.