Hereni kwa Fundi Felismina

Leonilde, dada yangu, uko wapi? Nakuandikia nikiwa bado mlangoni kwa fundi.

Nimempeleka mama kwa Felismina, fundi wa nguo, anichagulie mavazi ya kupandia farasi kwenye maonyesho ya farasi ya Golegã.

Mama alikuwa moto! Sketi iwe ya kijivu. Koti liishie kiunoni. Kitambaa kising'ae, nywele ziingie kwenye wavu. Nikasema moyoni, daktari aliyesema mama anapoteza kumbukumbu amekosea, mama yangu huyu hapa mzima.

Nikavaa, nikasimama mbele ya kioo. Mama akanikagua juu mpaka chini, akamgeukia fundi: "Mwambie huyu binti avue hereni. Hatupandi farasi na mapambo. Kwani mama yake hakumfunza?"

Nikacheka, Leonilde! Nilidhani ananitania. Hata Felismina alicheka.

Mama hakucheka. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama yako ni nani, binti?"

Mama yako ni nani. Ananiuliza mimi!

Felismina akageukia ukutani.

Nikavua hereni. Nikamjibu kama mgeni, "Alinifunza, senhora, bibi. Ni mimi niliyesahau."

"Usijali," akasema, akanirekebishia kofia. "Umependeza."

Sasa ananisubiri garini. Nikifungua mlango nimwite mama, au nitamtisha?