Bolti Kwenye Boila

Kwa Mama Mdogo Tabea,
Mjimwema, Njombe.
8 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Nathanieli,

Shikamoo. Habari za Tabora? Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua ukikaa sana? Mama Stella naye hajambo? Huku sakitu imeanza, asubuhi majani yote ni meupe. Mwili wangu ni mzima. Usingizi ndio sina.

Utashangaa kuona naandika kutoka Mjimwema. Baba amenifukuza nyumbani Makambako. Simu nilijaribu, nikaishia kulia, ndiyo maana ukasikia imekatika.

Ni kuhusu kile kichwa kidogo cha treni ya mvuke, kilichokuwa kikivuta magogo kwenye kiwanda chetu cha mbao enzi Babu akiwa dereva. Wamemaliza kukifufua. Miaka mitatu Baba hakukosa hata Jumamosi moja bandani, na ikakubaliwa kwamba siku ya uzinduzi ataendesha yeye.

Ulipokuja Krismasi ulituonyesha kizibo cha madini ya risasi juu ya jiko la moto. Ulisema maji yakipungua mno risasi inayeyuka, mvuke unashuka kuzima moto kabla boila haijapasuka. Basi kizibo kile kilianza kuvuja. Bwana Remmy, meneja mpya, hakutaka kungoja kingine kwa sababu tarehe ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Alimwagiza Abel, yule anayechomelea malori, azibe tundu kwa bolti ya chuma.

Nilimwambia meneja ni hatari. Akanicheka mbele ya wenzangu. “Karani, kagonge mihuri yako. Treni tuachie wanaume.” Ofisi ya ukaguzi nayo ilinijibu kwamba mkaguzi atakuja gari likipatikana.

Nikamwendea Baba. Akasema ataangalia maji kwenye kioo cha kipimo, na tena mchungaji ataiombea mashine. Mjomba, Baba haoni. Anamimina chai nje ya kikombe, halafu anamgombeza mama kwamba amekisogeza. Ana mtoto wa jicho na anaficha, maana wakijua watamweka dereva mwingine.

Jumamosi alfajiri, kabla hawajawasha moto, nilifungua bomba la chini nikamwaga maji yote ya boila. Funguo za banda nilikuwa nazo mimi. Nilijua kuijaza upya ni kazi ya siku nzima.

Kwaya ilikuwa imeshajipanga, Baba amevaa koti la kazi la Babu. Walipogundua boila ni tupu walimkamata mlinzi, nikaona niseme ni mimi. Baba hakupaza sauti. Alisema, “Nimekisubiri kitu hiki tangu nikiwa mtoto. Wewe umekimwaga kama maji ya vyombo. Nyumbani kwangu usije.” Kazi nayo niliachishwa palepale, na sasa wanasema nilimwonea baba yangu wivu.

Inaniuma kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za bolti. Ipo palepale. Wamebadilisha kufuli, na wametangaza upya Jumamosi ya tarehe 26. Safari hii mimi siwezi kufika hata getini.

Nakuomba uje kabla ya siku hiyo, na ubebe kizibo. Wewe umefanya kazi ya boila za reli maisha yako yote, na ni shemeji yake, hawezi kukufukuza. Habari ya macho mwambie mkiwa wawili tu, asiaibike. Usiseme nimekuandikia, wala usinitetee. Anichukie tu, hata miaka yote, mradi awe hai.

Mama Mdogo Tabea anakusalimu sana, na binti yake Teodora pia. Wasalimie Mama Stella na mdogo wangu Yosefu. Mungu akushike mkono njiani, akufikishe Makambako mapema.

Wako akupendaye,
Elina