Taji la Harusi ya Weldon

Bomet, Jumatano, Agosti 1996

Mvua ya mawe imeanza saa nane na mpaka sasa haijachoka. Bati linapigwa hadi nikikohoa sijisikii. Barabara ni tope tupu, hakuna mteja atakayekuja, basi nimeketi nyuma ya mitungi yangu ya switi na daftari hili. Nina hasira ya kumtafuna mtu.

Wacha niandike kabla haijapoa.

Biashara yangu unaijua, shajara. Switi za rejareja kwa watoto wa shule, karanga za sukari, na ikifika Agosti na Desemba, mataji. Huku hakuna sherehe bila taji la switi. Anayeoa, aliyefuzu masomo, kijana aliyetoka jandoni, wote huvishwa shingoni, na watu hupanga foleni kuwavisha. Mimi hufunga switi moja moja kwa uzi, natia katikati zile tepe zinazometameta za Krismasi, na mbele naning'iniza moyo wa kadibodi wenye majina. Mimi ni Mkisii, nimezaliwa katika kambi ya wachuma chai, lakini hakuna Mkipsigis hapa Bomet anayenishinda kwa kazi hii. Wananiita Mama Switi. Jina langu lingine hawalijui, na mimi sijawahi kuwapa.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, aliingia msichana amevaa sweta ya bluu na viatu vilivyopanguswa matope mlangoni. Nilimpenda kwa hilo tu. Wengi huniletea nusu ya shamba lao ndani. Akasema anaitwa Betty, ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kericho, kwao ni Silibwet, na Jumamosi anafunga ndoa.

"Mama Switi, nataka ile kubwa kabisa. Ya bwana harusi. Ifike mpaka hapa kwa tumbo."

Nikamuuliza majina ya kuandika kwenye moyo.

"Andika tu Weldon na Betty."

Sikushtuka. Weldon huku ni wengi, ukirusha jiwe sokoni utampata mmoja. Nikaandika kwenye karatasi. Ndipo akafungua mkoba, akatoa picha, akaniuliza kama inaweza kugundishwa pale katikati ya moyo.

Nikaiangalia.

Yule mwanamume ni mume wangu. Hata koti alilovaa nilimnunulia mimi.

Miaka minne sasa tangu aliponitolea masanduku nje, mimi na Chelangat mgongoni, mtoto wa miaka miwili. Kosa langu lilikuwa kuzaa msichana, halafu kuwa Mkisii, halafu kuuliza alikokuwa amelala. Nilienda kwa dada yangu Keroka, nikauza mahindi ya kuchemsha, kisha nikaja huku na mtungi mmoja wa switi. Yeye yuko kulekule Kericho, karani wa kupima majani ya chai, na anaamini bado niko Kisii. Ng'ombe aliompa baba yangu hawajarudishwa. Mbele ya mila mimi ni mke wake hadi leo.

Nilijikaza. Nikauliza kama mfanyabiashara anayepiga soga na mteja: "Huyu mzee hakuwa na bibi?"

"Alikuwa nayo, Mama. Lakini alikufa. Yeye pamoja na mtoto. Lori iliwagonga wakienda Kisii." Akashusha sauti. "Mpaka wa leo akisema hiyo mambo, analia tu."

Nikasema, "Pole yake."

Fikiria hilo. Nimetoa rambirambi kwa kifo changu mwenyewe, nikiwa nimeshika mkasi.

Na eti Weldon analia! Nimelala naye kitanda kimoja miaka mitano sijaona chozi. Siku tuliyomzika mama yake, jambo pekee aliloulizia ni iwapo nyama imeiva. Lakini kwa ajili yangu, marehemu, amelia. Ningekufa mapema tungependana.

Haya yote ningeyameza. Mtu akikuua kwa mdomo hupungukiwi na kitu, unaendelea kula ugali. Lakini Betty hakuwa amemaliza.

"Tumeamua tukipata msichana, tumpatie jina ya huyo mtoto. Chelangat. Ndio asipotee."

Kwetu Kisii na kwao Kipsigis tunafanana kwa hili: jina la aliyekufa humrudia mtoto anayezaliwa. Ndivyo wafu wanavyokaa nasi. Hakuna anayelichukua jina la mtoto aliye hai, mzima, mwenye mafua, na kulitoa kama la marehemu. Hilo ni kumchimbia kaburi akiwa amesimama. Weldon analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Hata hivyo alilisema, akalia, na msichana wa watu akamfuta machozi.

Na Chelangat alikuwa pale pale. Shule zimefungwa, kwa hivyo hushinda nami dukani. Alikuwa ameketi chini ya kaunta akitenganisha switi nyekundu na za njano. Aliposikia jina lake akainua kichwa.

Betty akainama, akatabasamu. "Na huyu mrembo anaitwa nani?"

Mtoto akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Moraa," nikasema.

Ni jina la mama yangu. Lilinitoka kabla sijalifikiria. Chelangat alinitazama, akamtazama Betty, akafunga mdomo. Mtoto wangu ana adabu. Kama ningesema anaitwa Mbuzi angenyamaza vilevile.

Basi wamekuwa wawili waliomuua. Baba yake alianza, mimi nimefukia.

Betty alitaka kuacha pesa ya kwanza. Nikakataa. Nikamwambia taji hilo ni zawadi yangu ya harusi na nitalileta mwenyewe kanisani Jumamosi. Akanikumbatia. Ana mikono laini, ananukia sabuni ya mche na unga wa chaki. "Mungu akubariki, Mama," alisema, na alimaanisha. Akaenda zake akiruka vidimbwi vya mvua ya jana.

Niseme ukweli, kwa sababu hapa hakuna wa kumficha. Ningemwambia. Neno moja tu lilitosha: "Keti." Angeketi, angelia, angerudi kwao bila pete, akiwa na aibu ndogo ya watu wa nyumbani. Angenichukia mwezi mmoja, kisha angenishukuru maisha yake yote.

Lakini Weldon je? Angesema mimi ni kichaa aliyetoka Kisii kumharibia jina. Angekaa kimya miezi mitatu, halafu angempata mwalimu mwingine Sotik na kumlilia huyo. Angeponyoka. Nimechoka na kuponyoka kwake.

Jumamosi hataponyoka. Watakuwepo wajomba zake kutoka Soin waliokula ugali jikoni kwangu, mchungaji, walimu, na watu wa kituo cha majani ya chai. Foleni ya mataji itakuwa ndefu, na hakuna bwana harusi anayekataa taji. Atainamisha shingo ili avishwe, maana mimi ni mfupi, na akiinua macho atatuona.

Na Betty atakuwa amesimama kando yake na shela yake nyeupe.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Betty ni nyasi, hilo nalijua. Nimejaribu kumwonea huruma tangu asubuhi. Huruma inakuja, inafika hapa kifuani, inaona jinsi mahali palivyojaa, inarudi. Mimi nilipokuwa nyasi nani alininusuru? Majirani walichungulia dirishani nikipakia masanduku kwenye mkokoteni, na mmoja alinicheka.

Najua hiyo si sababu. Betty hakuwa dirishani.

Aliniambia nyumba yao iko pale Silibwet, karibu na josho la ng'ombe. Si mbali. Mvua ikikatika sasa hivi naweza kwenda na kurudi kabla ya kufunga duka. Nina kesho nzima. Nina Ijumaa nzima.

Sitaenda.

Taji limefika nusu. Ni zuri kuliko yote niliyowahi kufunga, nalisema bila majivuno. Switi nimechagua zile zenye karatasi ya dhahabu.

Alipoondoka Betty, Chelangat aliniuliza, "Mama, mimi ni Moraa?" Nikamwambia hapana, ulikuwa mchezo. Nikamweka juu ya kaunta, nikamwambia Jumamosi tunaenda kumwona baba. Hamkumbuki. Aliruka hadi mtungi mmoja ukaanguka, na kwa mara ya kwanza sikumgombeza.

Nimemfundisha la kusema mbele ya watu. Asimame wima, aseme kwa nguvu: "Baba, ni mimi Chelangat." Amelirudia mara nyingi, mvua ikimshinda sauti, mpaka akalisema bila kukosea. Halafu akaniuliza kama baba atafurahi akimwona.

Nimemwambia atafurahi sana.