Dada yangu na barua pepe ya studio

Swahiba, naapa kwa macho yangu mawili, humu sijatia chumvi hata punje.

Studio ilikuwa tupu mwezi mzima. Nikawatumia wateja wa zamani barua pepe: "Bibi wa miaka mia na nne hakuwahi kucheka mbele ya kamera, mpaka alipokaa kwenye kiti changu." Na picha yake juu.

Watu ishirini wakaomba nafasi. Ishirini.

Leo pamejaa, dada yangu kaingia na simu mkononi. "Kaka, mimi nina miaka mia na nne?" Mbele ya wateja, swahiba. "Nina sitini na tisa, jamani."

Nikamjibu, "Lakini si wamekuja?"

Kanitoza faini: niwaandikie wote kukiri, yeye akinichungulia begani. Nimekiri, nimetuma. Chini nikaongeza: "Mpiga picha mkweli hivi mtampata wapi? Karibuni Jumamosi."