Chumba Chenye Jiko la Vigae

Hinterlahn, 16 Februari

Mama mpenzi,

Naomba unisamehe kwa kukaa wiki sita bila kukuandikia. Kila nikishika kalamu, mtoto analia au mgeni anataka maji ya moto. Nyonga inaendeleaje? Umeanza kutembea bila fimbo? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Leni alikuwa na kikohozi kirefu, nitakueleza.

Theluji ni tele, na wageni wamejaa mpaka kwenye zizi la babu, ambalo siku hizi ni baa. Vigil anasema watu wanalipia kunywa pale ambapo ng'ombe wetu walikunywa bure. Lakini yeye, mume wangu mwenyewe, namwona wakati wa supu tu; mchana kutwa anafundisha watu kuteleza kwenye theluji. Mji umefurika, Mama, na tangu Krismasi hakuna aliyeniita kwa jina.

Ulinisimulia jinsi babu alivyowapa Waingereza wawili kitanda chake, wakati kijiji kizima kikiwaona vichaa, wanapanda mlima ili washuke tu. Tangu hapo Desemba ikifika tunawaachia wageni vyumba, sisi tunahamia jikoni. Nami nimekulia kwenye benchi lile la karibu na mlango, nikifundishwa kutembea kwa soksi nisiwaamshe wageni. Sikuwahi kulalamika.

Sasa lililonishinda kuandika. Jumatatu iliyopita Bwana Harmsen aliteremka kunywa chai, akauliza, kwa utani wake ule, kama mtoto wangu hana swichi ya kumzima. Nikamjibu anayo, ila iko chumbani kwake yeye, karibu na jiko la vigae linalopasha chumba joto. Watu wakacheka. Mimi nikapanda juu, nikamfungashia masanduku yake, nikamlaza Leni kitandani pale penye joto.

Najua ulikuwa msimu wake wa thelathini kwetu, na kwamba jana meya alikuwa ampe beji ya mgeni mwaminifu, nawe ulishashonesha gauni. Amepewa akiwa mgeni wa Zita wa ng'ambo ya barabara. Zita kanishukuru, eti, “Mama yako kamlea miaka thelathini, mimi nimemvuna kwa siku sita.”

Nimelia kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Lakini Leni hakohoi tena, na chumba kile sikipangishi, Mama, hata ukirudi.

Msalimu sana shangazi Rosl. Nahitaji bado: soksi za sufu jozi mbili, za mtoto wa miezi kumi na minne, chupa moja ya dawa ya kikohozi, ile ya asali, kitambaa kizito cha pazia, mita tatu, maana jua linaingia mapema kule juu, na jibu lako, hata likiwa la hasira.

Binti yako,
Notburga